Siku ya tatu mpe jembe, lakini lipi?

Kuna jambo limenikaa kooni tangu Julai 2025, na leo nimeamua kulitema. Linamhusu mgeni wangu mmoja, fundi simu kutoka Lubumbashi, na siku zake za kwanza hapa Dar es Salaam. Jina lake silitaji. Mkifika mwisho mtaelewa kwa nini.

Nina rafiki niliyesoma naye sekondari kule Songea ambaye siku hizi ni dereva wa lori la masafa marefu. Njia yake ni Tunduma, Nakonde, anaikata Zambia mpaka Kasumbalesa, kisha Lubumbashi. Huko simu yake ilizima siku moja, mafundi wawili wakaitangaza marehemu, wa tatu akaifufua kwa saa moja. Wakawa marafiki. Huyo wa tatu alipopata wazo la kuja kujaribu maisha Dar, namba aliyopewa ilikuwa yangu, na sifa niliyopewa ni kwamba mimi ni mwandishi wa habari kwa hiyo najua watu wote mjini. Jamani! Mwandishi wa gazeti hapa mjini anajulikana vizuri na mwenye nyumba wake na mama ntilie anayemkopesha, basi.

Alishuka Stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis Jumamosi moja ya Juni, jioni. Begi moja mgongoni, na mkononi kisanduku cha bati chenye bisibisi ndogo ndogo, vibano, darubini ya mezani na kifaa cha kupuliza hewa ya moto. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye foleni. Kabla sijafika, madereva bodaboda watatu walikuwa wameshamzunguka, na bei ya kumpeleka Kariakoo ilikuwa imeanzia elfu arobaini. Nilipouliza imekuwaje ikafika huko, nikagundua kosa lake. Alikuwa amewasalimia "Jambo".

Hili jambo la "jambo" linahitaji maelezo. Kwa Mkongo wa Lubumbashi, Bukavu au Goma, "jambo" ni salamu halali kabisa, mtu anamsalimia hivyo jirani, padri na mkwe. Hapa kwetu tumeigeuza kuwa neno la kumwambia mzungu akishuka kwenye ndege. Ukimwambia mtu wa Dar "jambo", masikioni mwake inasikika "mimi ni mgeni, sijui bei ya kitu chochote, karibu". Kwa hiyo somo la kwanza nililompa mgeni wangu, tukiwa bado tumesimama palepale stendi, lilikuwa ni kuacha kusalimia kwa lugha aliyofundishwa na mama yake. "Mambo", unajibu "poa". Mtu mzima, "shikamoo". Hiyo shikamoo ilimsumbua sana. Alisema mdomo wake unakataa.

Na hapa nina ugomvi kidogo na sisi watu wa Dar. Tunadhani Kiswahili ni chetu na wengine wote wamekiazima. Mgeni wangu amezaliwa ndani ya Kiswahili, anaota kwa Kiswahili, anagombana na mke wake kwa Kiswahili. Kiswahili chake kina "aksanti" na "batu", pesa ni falanga, ugali ni bukari na kisamvu ni sombe, lakini ni Kiswahili. Siku ya pili pale Mtaa wa Msimbazi, muuza soksi mmoja akamsikiliza kwa makini, akatabasamu, akampiga begani: "Kaka, unajitahidi sana Kiswahili." Sijawahi kuona mtu akiumizwa kwa upole namna ile. Alinigeukia akaniuliza, kwani yeye anafikiri mimi ninasema lugha gani?

Turudi Jumamosi. Tuliunga usafiri hadi Kimara, tukapanda mwendokasi mpaka Gerezani, tukatafuta gesti. Kwangu ni chumba kimoja na wakati ule alikuwepo mdogo wangu aliyekuja kutibiwa, hivyo kulala kwangu kulikuwa hakuwezekani kwa siku hizo za mwanzo. Gesti ikapatikana, ya kawaida tu, yenye feni inayolalamika. Mgeni akatoa noti ya dola ishirini. Dada wa mapokezi akaiangalia kama ameonyeshwa nyoka. Tukaanza kuelezana. Kwao Kongo dola ni hela ya kila siku. Unanunua mkate unarudishiwa chenji ya faranga, kodi ya nyumba ni dola, bei ya simu dukani imeandikwa kwa dola. Hapa, tangu kanuni za Machi 2025, kutoza au kulipa kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ni kosa. Sheria ni nzuri, shilingi yetu nayo inahitaji heshima. Lakini fikiria wewe ndiyo umeshuka kwenye basi saa mbili usiku, duka la kubadilishia fedha limefungwa, na hela yote uliyoihifadhi kwenye soksi tangu Kasumbalesa imekuwa karatasi. Nikamlipia. Kesho yake asubuhi tukaenda kubadilisha, na huko akaambiwa noti zake ndogo zina bei ya chini kuliko noti ya mia. Akasema sawa. Nilianza kuona kwamba hilo neno "sawa" kwake lilikuwa na maana nyingi.

Halafu lugha ya hela zenyewe. Buku, jero, na noti ya elfu kumi kuitwa msimbazi kwa sababu ya wekundu wake. Kuna mtu alimwambia chaja ni "msimbazi mmoja" na yeye akajibu kwamba mtaa huo anaujua, ametoka huko sasa hivi.

Unaweza kusema haya ni mambo ya kuchekesha na yanamtokea kila mgeni. Ni kweli. Mimi mwenyewe mwaka 2016, wiki yangu ya kwanza mjini nikiwa nimekuja kuanza chuo kikuu, nilinunua simu Kariakoo kwa kijana mwenye haraka, nikafika Ubungo nikafungua boksi nikakuta kipande cha sabuni ya kufulia kimefungwa vizuri sana. Nilikaa kimya siku tatu. Baadaye nikagundua kwamba nusu ya chumba chetu pale hosteli walikuwa na hadithi ya sabuni, na kwamba kila mmoja aliona aibu kuisema kabla mwenzake hajaisema. Sasa mimi nilikuwa nimetoka Songea, nchi ileile, bendera ileile, shikamoo ninaijua tangu tumboni. Bado Kariakoo ilinitoza kodi ya ugeni. Kila mtu wa mji huu amelipa hiyo kodi, na karibu kila mtu akishaimaliza kuilipa anaanza kuikusanya. Tunajisifu kwa ukarimu, na ukarimu upo kweli. Mgeni wangu alipopotea Jumapili usiku karibu na Mnazi Mmoja, mzee mmoja muuza kahawa aliacha birika lake akamsindikiza kwa miguu mpaka mlango wa gesti na akakataa hata mia tano. Lakini asubuhi yake mtu mwingine alimuuzia maji ya chupa mara tatu ya bei. Vyote viwili ni Dar es Salaam.

Jumatatu tulihangaikia laini ya simu. Pasipoti, alama za vidole, mtandao uko chini, njoo baadaye. Fundi simu asiye na simu. Sitaki kupoteza maneno hapo, mnaijua foleni hiyo.

Jumatatu hiyohiyo mchana nilimpeleka kuzunguka Kariakoo, maana niliona amenyong'onyea. Tulipofika kwenye kona akasoma kibao: Mtaa wa Kongo. Alisimama katikati ya watu, mikokoteni inampigia kelele, akapiga picha akamtumia mkewe. Ikabidi nimwambie habari ambazo mimi mwenyewe nilizijua nikiwa tayari na miaka miwili mjini. Kwamba jina Kariakoo ni masalia ya wageni. Waingereza walipoutwaa mji huu kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, hapa palikuwa kambi ya kikosi cha wapagazi wa vita, Carrier Corps, na midomo yetu ikalisaga jina hilo hadi likawa Kariakoo. Wapagazi wale walikokotwa kutoka pande zote za Afrika Mashariki. Kwamba msikiti wa Manyema uliopo hapahapa Kariakoo unabeba jina la watu ambao asili yao ni ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kongo ya mashariki, waliofika pwani na misafara ya pembe na utumwa. Kwamba kuna Mtaa wa Nyamwezi, na kwamba hata neno machinga wengi hulihusisha na vijana wa kusini, Lindi na Mtwara, waliokuja mjini na bidhaa mkononi bila duka wala ndugu. Soko lenyewe, lile jengo la Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021, limezungukwa na mitaa ambayo ukiisoma majina yake ni kama orodha ya abiria.

Nikamwambia na habari ya Remmy Ongala. Huyo alikuwa anamjua, nani asiyemjua, lakini hakujua habari ya kituo. Remmy alifika Dar mwaka 1978 kutoka upande wao wa Kongo, akaitwa na mjomba wake Makassy kuja kupiga muziki. Jembe lake lilikuwa gitaa. Alikaa, akazaa, akaimba shida za watu wa hapa kwa Kiswahili, akafariki hapahapa Desemba 2010. Leo ukipanda daladala la Sinza unamwambia konda "kwa Remmy, shusha". Ni wazawa wangapi wa mji huu ambao nyumba yao imekuwa jina la kituo?

"Na mimi nitakuwa na kituo," akasema. Tukacheka.

Jumanne ilikuwa siku ya nne ukihesabu na ile ya kufika, ya tatu ukianzia Jumapili. Mimi nahesabu kuanzia Jumapili ili methali yangu ikae sawa. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii huwa tunaitumia kama kijembe kwa mgeni mvivu, lakini siku hiyo niliielewa kwa upande wake wa pili. Kupewa jembe ni kuambiwa: umeacha kuwa mgeni, shika, twende shambani. Mtu asiyepewa jembe anabaki mgeni hata akikaa miaka kumi.

Asubuhi hiyo nilimpeleka Mtaa wa Aggrey, kwenye simu. Nilikuwa namfahamu kijana mmoja pale mwenye meza, aliwahi kunibadilishia kioo. Tulimkuta ameshika kichwa. Alikuwa na simu ya mteja mkali, imewekewa chaji haiingizi, ameshafungua amefunga mara mbili. Mgeni wangu akaomba aione. Akafungua kisanduku chake cha bati, akaweka darubini mezani, akainama. Hakusema neno kwa dakika kama arobaini. Watu wakaanza kujaa, si mnajua Kariakoo, hata ukiangalia juu kwa muda mrefu unapata wafuasi. Mwisho kioo kikawaka, alama ya betri ikatokea, na umati ukapiga kelele kama Simba imefunga. Kijana wa meza akavuta stuli ya pili. Hakusema karibu wala nini. Alivuta tu stuli.

Makubaliano yakawa kwamba simu za kawaida ni za kijana, zile zilizoshindikana ni za Mkongo, na fedha ya hizo wanagawana nusu kwa nusu. Mchana tukala kwa mama ntilie mmoja nyuma ya Mtaa wa Sikukuu. Mgeni akaagiza bukari na sombe. Mama akasema hivyo vitu hana. Akaonyeshwa kwa kidole ugali na kisamvu, akacheka mpaka akakaa chini, na kuanzia siku hiyo akawa anamwita "mwanangu wa bukari". Nilipopita wiki iliyofuata nikasikia na mafundi wengine wanaagiza bukari.

Chumba kilipatikana Buguruni. Dalali akachukua kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake, mwenye nyumba akataka miezi sita mbele. Nilijiandaa kumtetea, lakini mgeni akanituliza kwamba hata kwao mwenye nyumba anadai miezi kadhaa, wanaita garanti. Tukaenda kwa mjumbe, tukaenda serikali ya mtaa, jina lake likaandikwa kwenye daftari. Mwisho wa Juni alikuwa anasema "poa" bila kufikiri, na shikamoo ilikuwa imekubali kutoka.

Sasa nifike kwenye kiini. Mwishoni mwa Julai 2025, aliyekuwa Waziri wa Viwanda na Biashara wakati huo, Selemani Jafo, alitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Mimi ndiye niliyepangiwa kuandika habari hiyo kwenye gazeti letu. Nilikuwa nachapa orodha: biashara ya jumla na rejareja isipokuwa supamaketi na vituo maalumu vya jumla, uwakala wa fedha za simu, saluni isipokuwa zile za hotelini au kwa ajili ya utalii, kuongoza watalii, udalali, usafi wa majumbani na maofisini, uchimbaji mdogo, kununua mazao shambani. Nilipofika kwenye ukarabati wa simu na vifaa vya elektroniki, vidole vikasimama. Adhabu kwa mgeni ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Raia anayemsaidia naye ana yake, faini ya shilingi milioni 5 au jela miezi mitatu. Nikamaliza kuchapa, nikaituma kwa mhariri, nikatoka nje.

Ndugu msomaji, nisieleweke vibaya. Kilio cha wafanyabiashara wa Kariakoo nakijua, nimekiandika mara nyingi. Mtu analeta makontena kutoka kiwanda cha ndugu yake nje ya nchi, anauza jumla, halafu anashuka na rejareja, halafu anampa kijana mzigo wa kutembeza. Mtanzania aliyekopa kununua kwa jumla atauza kwa nani? Hilo ni dai la haki. Wala halikuanza jana. Januari 2011 aliyekuwa Naibu Waziri Lazaro Nyalandu aliwapa wageni wachuuzi wa Kariakoo siku 30 waondoke. Ziliisha, maisha yakaendelea. Yaliendelea kwa sababu wenye majengo wanapenda mpangaji anayelipa mwaka mzima bila kelele, na kwa sababu wapo wenzetu wanaokodisha majina yao, leseni ni ya Juma, duka ni la mtu mwingine. Serikali ikiwabana hao mimi nitapiga makofi.

Lakini amri ile ilimweka mwenye makontena na mwenye kisanduku cha bati kwenye kapu moja. Wa kwanza anaweza kuajiri wakili, kubadilisha jina la kampuni, kuhamia kwenye fungu linaloruhusiwa. Wa pili ana stuli. Na alichokuja nacho huyu wa pili hakikuwa bidhaa ya kumshindanisha na kijana wetu, kilikuwa ni ujuzi ambao kijana wetu hakuwa nao, na alikuwa anaupata bure kila siku kwa kuchungulia begani.

Nikiri na upande wangu. Tangu mwanzo hakuwa na kibali cha kazi. Sheria ya ajira kwa wasio raia ya mwaka 2015 inakitaka, na mimi kama mwandishi wa habari sikuwa na kisingizio cha kutoijua. Nilimwambia tutafuatilia baadaye, tupate kwanza chumba, tupate kwanza laini. Tulipouliza kidogo tukaona kwamba utaratibu ule umeandikwa kwa ajili ya kampuni inayoleta mtaalamu wake, yenye mwajiri, barua na ada. Mtu wa stuli haonekani kabisa kwenye fomu. Kwa hiyo akafanya wanavyofanya wengi, akakaa kimya akaomba Mungu. Hilo lilikuwa kosa, na nusu ya kosa ni langu. Ila swali langu linabaki: mlango wake ulikuwa wapi? Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010 na inaongelea watu kuvuka mipaka kutafuta kazi, ingawa kila nchi ilijiwekea masharti na orodha yake. Haiwezekani kuwa na kibali kidogo cha fundi, cha mwaka mmoja, kwa ada ambayo mtu wa meza anaiweza, kwa sharti kwamba afundishe kijana mmoja wa hapa? Huko nje tunao wa kwetu, wachuuzi na mafundi Nairobi, Lubumbashi, Lusaka, Maputo. Wanaishi kwa huruma ya majirani zao kama huyu alivyoishi kwa huruma ya Aggrey. Na Kariakoo yenyewe inakula kwa wanunuzi wa Kongo, Zambia, Malawi na Komoro. Siku hao wakihamishia safari zao kwingine, mwenye fremu wa Mtaa wa Kongo atauliza kulikoni.

Kuna jambo moja linanichekesha, kicheko cha uchungu. Mwaka 2023 Yanga walimleta Maxi Nzengeli kutoka Maniema Union ya huko huko Kongo. Kabla yake Fiston Mayele aliwafanya watu wazima wenye familia watetemeke mabegani kila akifunga. Hapo hakuna anayeuliza habari ya wazawa. Tunajua kumpokea Mkongo, tukitaka.

Mgeni wangu aliondoka wiki ya pili ya Agosti. Hakukamatwa, hakuna aliyemfukuza. Mwenye fremu alimwambia tu kijana kwamba milioni tano hana. Kijana akashindwa kumwambia mwenzake, akanipigia mimi nimwambie. Nilikwenda Aggrey jioni, nikamkuta anapanga vibano vyake kwenye kisanduku. Alikuwa ameshasikia redioni. "Sawa," akasema. Mama ntilie alimfungia chapati sita za njiani na akakataa hela. Kodi ya miezi sita pale Buguruni mwenye nyumba hakurudisha hata mwezi mmoja, akisema mkataba ni mkataba.

Stuli bado ipo. Nilipita pale majuzi nikaona wameweka boksi la makava juu yake. Jana usiku yule kijana alinitumia ujumbe kuniuliza kama nina namba mpya ya Mkongo, ile ya zamani haipatikani. Kuna simu imemshinda.